Sabasaba: Tarehe Iliyogeuka Uwanja

Kila mwishoni mwa Juni, Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam hufurika watu, na makondakta wa daladala huita neno moja tu: "Sabasaba! Sabasaba!" Jina rasmi ni Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 2024 yalifanyika kwa mara ya 48. Umma haukulihitaji jina hilo refu. Ulikuwa na lake.

Utotoni sikujua kwamba Sabasaba ni tarehe. Kwangu ilikuwa mahali. Marehemu baba alitupeleka mara moja kwa mwaka, nasi tulianza daima kwenye banda la Magereza, ambako aligonga makabati kwa kifundo cha kidole akisifu useremala wa wafungwa. Kisha tulipita kwa JKT, tukatazama ngoma, tukapanda bembea, tukarudi jioni na vumbi hadi magotini. Mwaka mmoja nilimuuliza asili ya jina. Akanijibu: "Ni siku ya TANU, mwanangu. Biashara imekuja baadaye."

Alisema kweli. Tarehe 7 Julai 1954, chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU, Mwalimu Julius Nyerere akiwa rais wake. Baada ya uhuru siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa, na kwa miaka mingi iliadhimishwa pia kuwa Sikukuu ya Wakulima. TANU ilikoma tarehe 5 Februari 1977, ilipoungana na ASP kuunda CCM, lakini siku yake ya kuzaliwa haikuzikwa pamoja nayo. Hata sherehe za wakulima zilipohamishiwa tarehe 8 Agosti, mtindo wa kutaja sikukuu kwa tarakimu ulikuwa umekwisha kukomaa: zikaitwa Nanenane, na Sabasaba ikabakia ya wafanyabiashara.

Wapenzi wa lugha tusilipite neno hili haraka. Kwa kawaida Kiswahili hurudia idadi ili kugawa: wageni waliingia wawili wawili, watoto walipewa embe saba saba. Katika jina la maonesho hakuna mgawo. Saba ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi, na zote mbili zimeungana kuwa nomino moja inayotaja siku, sherehe na uwanja kwa pamoja. Ndiyo maana mimi huliandika bila kuacha nafasi katikati.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka jinsi TANU ilivyokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Hivyo lugha na maonesho sasa vina sikukuu moja.

Siku kama hiyo, si zamani sana, nilisimama mbele ya meza ya asali. "Shikamoo mzee, karibu uonje," alisema binti aliyekuwa akiuza. Nilipoitikia, alinieleza habari za mizinga iliyotundikwa kwenye miombo, tofauti ya asali ya nyuki wadogo na ya nyuki wakubwa, na namna ya kuitambua iliyochanganywa na sukari. Maelezo yake yalikuwa matamu kuliko asali yenyewe. Nikaigeuza chupa: lebo yote ilikuwa ya Kiingereza. Nilipomuuliza sababu, alitazama chini. "Tuliambiwa mteja wa nje hatasoma Kiswahili, mzee."

Siwezi kumlaumu, kwani maonesho ni ya kimataifa na mgeni naye anastahili kuelewa anachonunua. Lakini nyuma yangu walipanga foleni wanunuzi wanane, na wote walikuwa wakiulizana bei kwa Kiswahili. Chupa ina pande mbili. Upande mmoja ungetosha kwa mgeni.

Nilinunua mbili. Nyumbani nilikata karatasi, nikaandika kwa mkono, "Asali ya nyuki wadogo, kutoka miomboni," nikaibandika juu ya lebo. Malenga wenzangu, Sabasaba ijayo nendeni uwanjani, na mkikuta lebo ya namna ile, mwulizeni mwenye bidhaa kwa upole kama angependa kuandikiwa maneno yake mwenyewe.