Kodi ya aliyejiajiri Australia: Jihadhari na mwaka wa kwanza

Guildford ni kitongoji cha magharibi ya Sydney, jirani na Parramatta, chenye wahamiaji wengi. Mwafrika Mashariki anayefika huko huweza kuanza maisha kwa kuendesha teksi, kusafisha ofisi au kusuka nywele, akiwa tajiri wa nafsi yake.

Mwajiriwa nchini Australia hukatwa kodi kabla ya kupokea mshahara. Aliyejiajiri hupokea malipo yote, ilhali sehemu yake ni deni la serikali ambalo halijadaiwa bado.

Nambari ya biashara

Hatua ya kwanza ni kupata nambari ya biashara yenye tarakimu 11, iitwayo ABN, ambayo hutolewa bure. Asiyeitaja kwa anayemlipa huweza kukatwa asilimia 47 ya malipo yake.

Kodi hutozwa vipi?

Mwaka wa kodi huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Anayejaza ritani mwenyewe hutakiwa kuiwasilisha kabla ya Oktoba 31 kupita.

Kinachotozwa ni faida, yaani mapato baada ya kutoa gharama za kazi, kama vile mafuta na matengenezo ya gari. Stakabadhi zihifadhiwe kwa miaka mitano. Utaratibu huu unatofautiana na ule wa Kenya, ambako Sheria ya Fedha ya 2023 iliwawekea wafanyabiashara wadogo kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote.

Katika mwaka wa kodi wa 2024-25, mkaazi hakutozwa kodi kwa dola 18,200 za mwanzo. Kuanzia hapo hadi dola 45,000 alitozwa asilimia 16, kisha asilimia 30 hadi dola 135,000. Juu ya hayo kuna mchango wa bima ya afya ya umma, Medicare, ambao kwa kawaida ni asilimia 2.

Hivyo, aliyepata faida ya dola 50,000 mwaka huo alikabiliwa na deni la dola 6,788, kabla ya nafuu anazostahili.

Dereva na GST

Kodi ya bidhaa na huduma, GST, ni asilimia 10 na ilianza mwaka 2000. Biashara nyingi hulazimika kujiandikisha zinapofikia mauzo ya dola 75,000 kwa mwaka. Dereva wa teksi, au wa gari linaloitwa kwa simu kama Uber, hana kiwango hicho: hujiandikisha tangu abiria wa kwanza.

Mwaka wa pili ndio mtihani

Baada ya ritani ya kwanza, mamlaka ya kodi, ATO, humtaka mwenye deni la kutosha kuanza kulipa kwa awamu, aghalabu kila robo mwaka. Matokeo yake, mtu hujikuta akilipa deni la mwaka uliopita pamoja na awamu za mwaka uliopo.

Kinga yake ni kuweka kando sehemu ya kila malipo katika akaunti nyingine, au kuanza kulipa mapema kwa hiari. Aliyekwishakwama asikae kimya, kwani riba huongezeka. ATO huweza kukubali alipe kidogo kidogo.

Je, umejiajiri kweli?

Wapo waajiri wanaomwambia mfanyakazi atafute ABN ili wakwepe kumlipia likizo na akiba ya uzeeni. Kuwa na ABN pekee hakumfanyi mtu kuwa mfanyabiashara. Ikiwa mwajiri ndiye anayepanga saa, malipo na namna ya kufanya kazi, huenda wewe ni mwajiriwa mwenye haki zote. Kumdanganya mfanyakazi kwa njia hiyo ni kosa kisheria, na malalamiko hupokelewa na ofisi ya Fair Work Ombudsman.

Asiyemudu Kiingereza huweza kuomba mkalimani kupitia huduma ya serikali, TIS, kwa simu 13 14 50, kabla ya kuzungumza na ATO.