Ngozi ya gitari: tangu kopali mpaka rangi ya motokari

Tukiongea juu ya muziki wa Kongo, tunataja waimbaji na vidole vya wapiga gitari. Ngozi ya gitari yenyewe, ile inayong'aa chini ya taa, hatuiulizi kitu. Kumbe nayo iko na historia, na kipande kimoja cha historia ile kilitoka mu matope yetu.

Zamani, Ulaya walipakaa milango, meza na magari ya farasi verni iliyopikwa na mafuta ya kitani na utomvu wa miti. Utomvu ule watu wa pwani ya Zanzibar wanauita sandarusi, sisi tunasema kopali. Mu mabwawa ya Équateur watu walichoma matope kwa fimbo yenye ncha ya chuma mpaka wasikie kitu kigumu, kiisha wanakitoa. Wakati wa Wabelgiji wengi walilipa kodi kwa pesa ya kazi ile, na mzigo ulienda Antwerp. Mafundi wa gitari, wao walipenda zaidi shelaki, utomvu wa kidudu cha India, wakiipaka kwa kitambaa, kidogo kidogo, siku nyingi.

Mu mwaka wa 1923 kompani DuPont ya Marekani ilitoa verni mpya, Duco, iliyotengenezwa na nitroselulosi. Motokari iliyongoja majuma ili rangi ikauke, sasa ilikauka kwa saa chache. Ndiyo verni iliyoingia mu viwanda vya gitari. Nyuma yake zilifuata rezini za viwandani, na soko ya kopali yetu ikaanguka.

Leo Fender, kule California, alianza kuuza gitari ya umeme ya mbao nzima mu 1950, na Stratocaster ikatoka 1954. Mbao ile haina tumbo la kutoa sauti, kwa hiyo ilipakwa sawa motokari. Si mfano tu: rangi nyekundu Fiesta Red ilitoka kwa Ford, na bluu Lake Placid Blue ilitoka kwa Cadillac. Gibson naye, mu 1952, alitoa Les Paul ya dhahabu. Dhahabu yenyewe ni unga wa shaba nyeusi uliochanganywa na verni. Mwisho wa miaka ya 1960 Fender ilianza kutumia poliesta, nzito na ngumu sawa kioo.

Sasa, mng'ao unatoka wapi? Wengi wanafikiri unatoka mu chupa ya verni. Hapana, unatoka zaidi mu msasa. Mbao inasuguliwa kwa msasa wa 120, kiisha 220. Mbao yenye vitundu, sawa mahogani, inajazwa vitundu kwanza. Ukiruka fasi hii, verni itazama na kila kitundu kitaonekana kisha mwezi. Inafuata verni ya kufunga mbao, rangi, na verni safi mara nyingi, nyembamba nyembamba. Hapo kuko kungoja: nitroselulosi inaomba majuma matatu ao mane. Kiisha msasa wa maji, 800, 1000, 1500, 2000, na mwisho dawa ya kusugulia na kitambaa. (Mvuke wa nitroselulosi unashika moto upesi, fundi wa sigara atafute kazi ingine.) Uso ukiwa laini kabisa, mwangaza unarudi wote upande mmoja, na unaona sura yako.

Satini ni kinyume kidogo. Uso uko na mikwaruzo midogo sana, yote ya upande mmoja, na mwangaza unatawanyika. Kuko njia mbili: kutia unga wa silika mu verni, ao kusugua verni iliyokauka kwa sufu ya chuma nyembamba sana, ile ya 0000, ukifuata mishipa ya mbao bila kuzungusha mkono. Sisi tunaipenda satini juu haifichi mbao, na shingo yake haishiki jasho la kiganja. Lakini haidumu: pale mkono unapolala inaanza kung'aa yenyewe.

Kwetu, gitari ya zamani ikipauka, wenyewe wanaipeleka kwa fundi wa motokari aikwangue na kuipaka upya. Inarudi nzuri. Lakini gitari ya nitroselulosi ya miaka ya 1950 ao 1960 ikikwanguliwa, bei yake inaweza kushuka karibu nusu, juu wanunuzi wanatafuta ngozi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka. Stratocaster ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitari wa Ireland aliyekufa 1995, ilibaki karibu mbao tupu, verni yote imeenda na jasho lake. Hakuna aliyeipaka. Mu 2024 iliuzwa kwa mnada kule London, na sasa ni mali ya jumba la makumbusho la taifa la Ireland.