Utamaduni wa kampuni katika mageuzi ya kidijitali: mfano wa benki ya DBS

Utamaduni wa kampuni ni yale mazoea ya kazi ambayo hayakuandikwa popote: nani husema kikaoni, nani hunyamaza, na anayekosea hufanywa nini. Kampuni kubwa yenye fedha hununua kompyuta na programu mpya ikitaka. Mazoea hayauzwi dukani, na mara nyingi ndiyo yanayoamua kama fedha hizo zimekwenda bure.

Mfano unaotajwa sana ni DBS ya Singapore, benki iliyoanzishwa mwaka 1968. Piyush Gupta alipoichukua mwaka 2009, wateja walikuwa wakiifanyia mzaha kwa foleni zake ndefu. Mitambo ilijengwa upya, na wafanyakazi wakaambiwa wajilinganishe na Google na Amazon badala ya benki wenzao.

Lenye mafunzo zaidi, khasa kwa sisi tunaofanya kazi katika makampuni makubwa ya Ghuba, ni namna walivyobadilisha vikao. Mpango wao uliitwa MOJO. Kila kikao kina mwenyewe, anayepaswa kueleza shabaha yake, kuanza na kumaliza kwa wakati, na kumpa kila mtu nafasi ya kusema. Pembeni hukaa mtazamaji, ambaye mwishoni humwambia mwenye kikao, mbele ya wote, amekiendesha vipi, hata kama huyo ni mkubwa wake. Kwa waliolelewa kwamba mkubwa akisema mdogo hunyamaza, jambo hili si jepesi. Lakini hitilafu ya programu huonwa kwanza na kijana wa kaunta anayeishika kila siku. Akiogopa kusema, mkurugenzi atakuja kuisikia kwa wateja.

Mwaka 2016 jarida la Euromoney liliitangaza DBS kuwa benki bora ya kidijitali duniani.

Hata hivyo utamaduni mzuri hauzuii mitambo kuzimika. Mwaka 2023 huduma za benki hiyo zilikatika mara kadhaa, na mwezi Novemba mamlaka ya fedha ya Singapore ikaizuia kwa miezi 6 kufanya mabadiliko ya mitambo yasiyo ya lazima. Hapo kwengine angefukuzwa fundi. Mapema mwaka 2024 benki ilitangaza kuwa wakuu wake ndio waliokatwa marupurupu, na la Gupta mwenyewe lilipunguzwa kwa asilimia 30.