Ebbets Field: Waliolia Ndio Waliohama

Februari 23, 1960, mashine ya kubomolea iliingia Ebbets Field, Brooklyn. Tufe lake la chuma lilikuwa limepakwa rangi, eti lifanane na mpira wa besiboli. Utani mwingine, jamani!

Brooklyn Dodgers walicheza hapo tangu 1913. Uwanja wenyewe mdogo, watu kama 32,000, umebanwa na mitaa pande zote. Shabiki maarufu Hilda Chester alikuja na kengele kama ile ya ng'ombe. Ukutani palikuwa na tangazo la muuza nguo Abe Stark: ukilipiga kwa mpira, unapata suti ya bure. Hapo hapo, Aprili 15, 1947, Jackie Robinson akaingia uwanjani, na ukuta uliowazuia weusi ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60 ukavunjika. Mwaka 1955, baada ya kufungwa na Yankees katika fainali tano, Dodgers wakachukua ubingwa. Brooklyn haikulala.

Miaka miwili tu baadaye klabu ikahamia Los Angeles. Wazee wa Brooklyn hadi leo wanamlaani mmiliki, Walter O'Malley. Wengine humwongeza Robert Moses, kigogo wa mipango ya jiji, aliyekataa kumsaidia kupata kiwanja papo hapo Brooklyn akamwelekeza Queens. Sawa, wote wawili wana lao.

Lakini tuulizane. Mechi ya mwisho, Septemba 24, 1957, Dodgers waliifunga Pittsburgh 2-0 mbele ya watu 6,702. Habari za kuhama zilishazagaa. Wenye uwanja wao walikuwa wapi?

Wengi walikuwa Long Island, kwenye nyumba mpya, gari mlangoni, na Ebbets Field ilikuwa na maegesho ya magari kama 700 tu. Wazungu walikuwa wanaondoka Brooklyn wakati weusi na Wapuerto Rico wanaingia. Hapo ndipo kumbukumbu hizi tamu zinaponikwaza: mtu anajivunia kumshangilia Robinson, halafu familia yake ilihama mtaa ulipoanza kupata majirani wanaofanana naye. Simaanishi kwamba mapenzi yao ni ya uongo. Mtoto wa miaka tisa haamui nyumbani wahamie wapi, na baba aliyempeleka uwanjani ndiye huyo huyo aliyepakia vyombo kwenye lori.

Robinson hakufika Los Angeles. Desemba 1956 Dodgers walimuuza kwa mahasimu wao, Giants, akachagua kustaafu. Uwanja ulipokuwa sasa pana maghorofa ya kupanga, yaliyofunguliwa 1962 na baadaye kupewa jina lake. Kwa miaka mingi palikuwa na kibao kinachokataza kucheza mpira.