Mawe, Majivu na Mng'aro wa Vyungu

Vyungu vya Usukuma tangu kale havikuwa na mng'aro wa kioo. Mfinyanzi aliufinyanga udongo kwa mkono, akausugua kwa kokoto, kisha akavichoma vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo aghalabu haufiki nyuzi 900, na mng'aro wa mawe na majivu hutaka 1,200 na zaidi. Basi wanaosema kuwa wazee wetu walikosa maarifa wanakosea. Walichokosa ni joko, wala hawakulihitaji, maana mtungi usio na mng'aro hutoka jasho na kuyapoza maji.

Vyombo ving'aavyo viliingia Kilwa kwa vyombo vya bahari, kutoka Uajemi na China. Huko Abuja ya Nigeria, mji uitwao leo Suleja, Michael Cardew alianzisha mafunzo mwaka 1951, na Ladi Kwali, bingwa wa ufinyanzi wa jadi, akajiunga naye mwaka 1954. Mng'aro wao ulitokana na mawe na majivu ya huko huko.

Malighafi hizo sisi twazikanyaga kila siku. Itale iliyotapakaa Usukuma mzima ina feldispa na kwatzi. Majivu nayo yatoka shambani: mkulima wa pamba hutakiwa kung'oa mabua na kuyachoma baada ya mavuno ili kuangamiza wadudu, na majivu yake, yenye potasi na chokaa, hupeperushwa na upepo. Jiwe huchomwa likawa jekundu, likatumbukizwa majini lipasuke, kisha likatwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Sehemu mbili za unga huo, mbili za majivu na moja ya udongo ni mwanzo mwema wa majaribio.

Huko Geita, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, karasha husaga mawe mchana kutwa, na mtu aweza kudhani kazi ya kutwanga imekwisha kufanywa. La hasha! Marudio ya wachimbaji wadogo yana zebaki, na mwamba wa dhahabu mara nyingi una aseniki. Unga huo usikaribie sahani wala joko, kwa kuwa moto huigeuza zebaki kuwa mvuke unaomwingia mfinyanzi mwenyewe kifuani. Risasi vilevile isitumiwe, ijapokuwa huyeyuka upesi.

Kila mchanganyiko mpya ujaribiwe kwanza juu ya kigae, kisha kigae kilazwe ndani ya siki usiku kucha. Kikibadilika rangi, mchanganyiko huo ubaki kwa vyungu vya maua.