Almasi za Mach: kwa nini moto wa roketi una mafundo?

Ukitazama picha ya injini ya roketi iliyofungwa kwenye jukwaa la majaribio, mara nyingi utaona mwale wa moto wenye mafundo angavu yaliyofuatana kama shanga. Huitwa almasi za Mach. Wengi hudhani ni mafuta yanayowaka kwa vipindi. Sivyo. Ni alama ya mawimbi ya mshtuko yaliyosimama mahali pamoja huku gesi ikiyapita kwa kasi kuliko sauti.

Kwa nini yasimame? Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, na kila badiliko dogo la shinikizo husafiri kwa mwendo huohuo wa sauti. Gesi inayotoka polepole hupata mapema habari za shinikizo la hewa ya nje, ikajirekebisha kabla ya kufika mdomoni mwa bomba. Gesi inayoishinda sauti haipati habari hizo, kwani haziwezi kupanda kinyume cha mkondo wake. Hutoka na shinikizo lake, kubwa au dogo kuliko la nje, na marekebisho hufanyika huko nje kwa ghafla.

Tuseme shinikizo ni kubwa. Mkondo hutanuka, tena hupitiliza, mpaka shinikizo lake linashuka chini ya lile la hewa. Hapo hewa huubana, nao hupanda tena na kutanuka upya. Kila unapobanwa, joto huongezeka na gesi hung'aa. Pengine hata mafuta yaliyosalia huwaka hapo. Mkondo ukishachanganyika na hewa, mafundo hufifia.

Si lazima uwe na roketi. Inatosha shinikizo la ndani ya tangi kuwa karibu mara mbili ya lile la nje, na kompresa za gereji hufika mara saba au nane. Fundi anapopuliza vumbi kwa hewa ya kompresa, almasi zimo katika mkondo ule, ila ni za milimita chache na hazina mwanga.

Na kwa hewa ya namna hiyo ndivyo zilivyochunguzwa mwanzoni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Peter Salcher, mwalimu wa chuo cha wanamaji cha Fiume, mji ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia, aliichunguza mikondo ya hewa katika kiwanda cha torpedo cha Whitehead. Torpedo za wakati ule ziliendeshwa kwa hewa iliyobanwa, kwa hiyo hewa hiyo ilikuwapo tele. Alishirikiana na Ernst Mach aliyekuwa Prague. Mwaka 1887 walikuwa wamechapisha pamoja picha za mawimbi yanayoizunguka risasi. Jina lililobaki ni la Mach peke yake, jambo ambalo kwetu si haki kwa Salcher.

Kwa wahandisi almasi ni dalili kwamba nozeli na hewa ya nje havilingani. Injini ya RS-25, iliyoundwa kwa ajili ya Space Shuttle, ina nozeli pana inayofaa juu angani, ambako hewa ni nyembamba. Ikiwa chini, gesi yake hutoka na shinikizo dogo kuliko la hewa, na almasi huonekana wazi. Msukumo wake ni kama tani 190 usawa wa bahari, lakini hufika 230 hivi mahali pasipo hewa.

Hasara nyingine ni kelele. Mwaka 1953 Alan Powell alieleza mluzi mkali wa mikondo hii: vizingo vya hewa kwenye kingo za mkondo hupita katika mawimbi ya mshtuko na kutoa sauti, sauti hiyo hurudi nyuma kupitia hewa tulivu ya nje hadi mdomo wa nozeli, huutikisa mkondo na kuzaa vizingo vipya. Katika ndege za kivita zenye injini zilizokaribiana, kama F-15 na B-1, mikondo miwili huweza kupiga mluzi kwa pamoja, na mtikisiko wake umewahi kupasua vipande vya nje vya nozeli.