Siku Moja Katika Kisiwa cha Mombasa

Wahenga walisema, tembea uone. Lakini, ewe msomaji, kutembea peke yake hakutoshi. Yuko atembeaye akarudi na vumbi la miguuni tu, na yuko arudiye na elimu. Leo nataka kukuchukua wewe uliyezaliwa Kabazi, katikati ya mashamba ya mahindi ya Subukia, nikupeleke kisiwani Mombasa kwa siku moja. Pengine hujaiona bahari bado, nawe wadhani ya kuwa mambo ya huko hayakuhusu. Haya, tufuatane, kisha uamue mwenyewe.

Asubuhi tuanzie Ngome ya Yesu, ijulikanayo zaidi kwa jina la Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waashi waliletwa kutoka India, na vibarua walitoka Malindi. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, ikitazama mlango wa bandari kama mlinzi asiyesinzia.

Usidhani kuta hizo ziliwapa wenyewe amani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na Wareno hao hao, aliwaasi, akamwua mkuu wa ngome na kuiteka. Wareno walirudi mwaka uliofuata. Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na vita vile havikwisha mpaka Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno, Wahindi na Waswahili pamoja; njaa na maradhi yaliwamaliza, hata ngome ilipotwaliwa waliobaki hai walikuwa wachache mno. Kisha Waingereza waliigeuza kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho.

Safari moja nilifuatana na wanafunzi wangu humo. Mmoja wao alisimama mbele ya ukuta, akaniuliza: "Mwalimu, majina ya wakuu wa ngome tumeyasoma. Majina ya waliobeba mawe haya yako wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku ile nimejifunza kuutazama kila ukuta na kuuliza mambo matatu: ni nani aliyeamuru, ni nani aliyejenga, na ni nani aliyefungwa ndani yake.

Tena, msomaji wangu, yasikilize maneno ya kinywa chako. Wajuzi wa lugha husema kuwa neno "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa. Ngome ikawa jela. Na neno moja likabeba habari yote hiyo. Meza unayolia chakula, leso aliyojifunga mama yako na bendera mnayopandisha shuleni ni maneno ya asili hiyo hiyo. Basi Mreno aliondoka, lakini maneno yake yalipanda mlima mpaka Kabazi.

Adhuhuri tupite Mji wa Kale, tuone milango ya nakshi na vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Usije ukafikiri kwamba mji huu ulianzishwa na Wareno. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, akawakuta watu wacha Mungu wenye misikiti ya mbao. Aliandika kuwa kisiwa hakikulima nafaka, bali ililetwa kutoka pwani ya bara. Tangu zamani, basi, kisiwa hiki kimeishi kwa jasho la mkulima wa ng'ambo.

Jioni tumalizie katika stesheni ya zamani ya reli. Wasafiri wa siku hizi hushukia Miritini, nje ya kisiwa, tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Lakini ile ya kwanza ilianzia hapa kisiwani mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya Wahindi 31,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Wanandi waliipinga serikali iliyokuja nayo mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Nyuma ya reli walifuata walowezi. Nchi ya Subukia, pamoja na nyingine nyingi za Bonde la Ufa, ikatengwa kuwa ya Wazungu peke yao, na Waafrika wakalima humo kama maskwota, katika ardhi wasiyoruhusiwa kuimiliki.

Sasa jua limekuchwa, nasi turudi nyumbani. Uliondoka Kabazi ukidhani waenda kutazama historia ya watu wengine. Kumbe ilikuwa imo katika ulimi wako na chini ya jembe la babu yako. Majina ya waliobeba mawe ya ngome yamepotea kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Lakini wazee waliolima shamba la mlowezi huenda bado wako kijijini kwenu. Waendee ukiwa na kalamu na daftari, uwaulize, uandike, kabla majina yao nayo hayajapotea.